Wiki za kwanza Ujerumani: maswali ninayoulizwa kila Septemba

Ikifika Septemba simu yangu haipoi. Mtu kapata viza, tiketi imekatwa, mabegi yamefungwa na kufunguliwa mara tatu, na usingizi umemkimbia. Mimi nilitua Leipzig mwanzoni mwa Oktoba, miaka michache iliyopita, kusoma shahada ya uzamili, na sidhani kama kuna kosa la mgeni nililoliruka. Maswali ni yale yale kila mwaka, kwa hiyo nimeyaandika. Namjibu Mtanzania mwenzangu, ila Mkenya au Mganda naye hatapotea. Viwango vya pesa ni vya mwanzoni mwa 2026, na hupenda kubadilika kila Januari.

Nibebe nini, niache nini?

Anza na vitakavyokutia matatani forodhani. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya haviruhusiwi kwenye begi la abiria, hata kama ni kidogo na hata kama mama ndiye aliyefunga. Nyama ya kukausha, samli, jibini: acha nyumbani. Samaki ni habari nyingine, wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako, kwa hiyo dagaa wako salama. Matunda mengi yanadai cheti cha afya ya mimea. Embe litatupwa mbele ya macho yako, lakini nazi, ndizi, nanasi na tende hupita. Unga wa sembe na viungo vya pilau havina neno.

Vyeti beba halisi pamoja na nakala zilizothibitishwa, cheti cha kuzaliwa kikiwemo, na vikae kwenye begi la mkononi.

Umeme wa huku ni volti 230, chaja zako hazitaungua. Shida ni plagi: zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye matundu yao mawili ya mviringo. Usinunue adapta tano. Beba moja, na ekstensheni yako ya nyumbani yenye matundu manne. Umemaliza.

Koti la baridi usinunue Dar. Utauziwa koti la mvua kwa bei ya koti la theluji. Huku maduka ya nguo za mtumba yapo kila mji, na Oktoba huwa yamejaa. Mimi niliyekulia kwenye mitumba ya Karume nilicheka peke yangu siku ya kwanza: kumbe nimeifuata kwenye chemchemi yake.

Nikishafika, nianze na lipi?

Na anwani. Wengi huanza na laini ya simu, wengine na benki, halafu wanashangaa kwa nini kila dirisha linawarudisha. Huku karatasi moja huzaa nyingine, na mama yao wote ni karatasi ya usajili wa makazi, wanayoiita Anmeldung. Sheria inakupa wiki mbili tangu uhamie ndani ya chumba. Unakwenda ofisi ya manispaa, Bürgeramt, na pasipoti, fomu, pamoja na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba umehamia. Barua hiyo ina jina refu kama treni ya mizigo, Wohnungsgeberbestätigung, na mkataba wa kupanga peke yake hautoshi. Mwombe mwenye nyumba siku ile ile anayokukabidhi funguo, kabla hajaondoka. Kama unakaa kwenye bweni la wanafunzi, ofisi ya bweni huitoa.

Miadi hukatwa mtandaoni na hujaa upesi, hivyo ikate ungali nyumbani kama anwani unayo tayari. Ukikuta kumejaa, chungulia tena asubuhi mapema, maana walioghairi huacha nafasi.

Halafu kuna kisanduku kimoja kwenye ile fomu ambacho watu hukijaza huku wanawaza chakula: dini. Ukiandika kwamba wewe ni Mkatoliki au Mlutheri, ukija kuajiriwa na kulipa kodi ya mapato, utakatwa na kodi ya kanisa juu yake, asilimia 8 au 9 ya ile kodi kutegemea jimbo. Mimi ni Mlutheri wa Machame. Wamisionari waliokuja kwetu Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa kutoka mji huu huu wa Leipzig, basi niliona haya kuficha, nikaandika ukweli. Mwanafunzi mwenye kibarua kidogo hakatwi kitu cha maana. Ila jaza ukijua unachokijaza.

Jambo la mwisho, dogo kwa umbo: jina lako liwe kwenye sanduku la barua na kwenye kengele ya mlango. Andika kwenye karatasi, bandika kwa gundi, siku ya kwanza. Postamani wa huku hamuulizi jirani "huyu binti wa Kiafrika anakaa wapi?" Asipoliona jina, barua inarudi ilikotoka. Na kwenye barua ndiko kunakokuja kadi ya benki, kisha namba ya siri ya kadi kwa bahasha nyingine siku nyingine, kadi ya bima, namba ya mlipakodi. Nilikaa wiki tatu nalaumu benki, kumbe jina lililokuwa kwenye sanduku lilikuwa la msichana aliyehama kabla yangu.

Nimeweka euro 11,904 kwenye akaunti ya viza. Mbona sizipati?

Hiyo akaunti, Sperrkonto, ni ya kuwaonyesha wao kwamba huji kulala njaa. Haikupi pesa mkononi. Inatoa euro 992 kila mwezi, nazo zinaingia kwenye akaunti ya kawaida ya benki ambayo lazima uifungue ukiwa huku. Benki nyingi zitataka ile karatasi ya usajili, ambayo inataka anwani. Umeona tunavyozunguka? Kati ya kutua na kupata euro 992 za kwanza, hesabu wiki tatu mpaka nne. Njoo na euro 800 hivi za mkononi au kwenye kadi inayofanya kazi nje. Mwenye nyumba atataka dhamana, ambayo kisheria haizidi kodi ya miezi mitatu bila gharama za huduma, na chuo kinadai ada ya muhula ya wanafunzi wote. Vyuo vya umma kwa kawaida havitozi karo, ila jimbo la Baden-Württemberg hutoza wanaotoka nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hakikisha kabla hujachagua mji kwa uzuri wa picha.

Bima ya safari niliyonunua Dar inatosha?

Inatosha kwa safari. Kwa kusajiliwa chuoni, hapana. Ukiwa chini ya miaka 30 ingia bima ya umma, kama euro 150 kwa mwezi. Najua inauma. Lakini kuna mtego hapa. Kampuni za binafsi zitakutongoza kwa euro 40 au 60, na ukisaini kukataa bima ya umma mwanzoni mwa masomo, huwezi kubadilisha nia mpaka umalize. Halafu siku jino linauma au mimba inaingia ndipo unasoma maandishi madogo. Aliyevuka 30 mlango huo wa bei ya mwanafunzi umemfungia, huyo aulize ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini chochote.

Viza yangu ni ya miezi mitatu tu. Nimekosewa?

Hukukosewa. Ni ya kukuingiza. Kibali chenyewe cha kuishi unakiombea huku kwenye ofisi ya wageni, Ausländerbehörde, na ombi lazima liingie kabla viza haijaisha. Ofisi zimelemewa, unaweza kusubiri miezi. Ukiomba kwa wakati na viza ikakuishia huku unasubiri, wadai wakupe karatasi ya muda iitwayo Fiktionsbescheinigung. Usikate tiketi ya kwenda msibani au harusini bila kuuliza kama karatasi yako itakurudisha. Kila barua pepe unayowatumia, ichapishe na uiweke kwenye faili. Nunua faili. Wajerumani wanayo ya vyuma viwili katikati, na mwisho wa mwaka utakuwa unaipenda.

Ni kweli kwamba ukichelewa dakika tano umekwisha?

Kwenye ofisi, karibu. Lakini kilichonimaliza mimi hakikuwa uvivu, kilikuwa lugha. Tayari nilikuwa na saa mbili kichwani, ya Kiswahili na ya Kizungu, sasa ikaja ya tatu. Niliambiwa kwa simu nifike "halb neun". Neun ni tisa, halb ni nusu, basi nikaelewa tisa na nusu, yaani saa tatu unusu yetu. Nikaoga, nikanywa chai, nikafika na dakika kumi mkononi, nimejaa fahari. Kumbe kwa Mjerumani hiyo ni nusu ya kuiendea tisa: saa mbili unusu asubuhi. Mama wa dirishani akanitazama, akatazama saa ya ukutani, akanipa miadi nyingine baada ya wiki tatu. Tangu siku hiyo muda wowote ninaotajiwa naurudia kwa tarakimu, 8:30, na sioni aibu.

Na Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa hurudishwa nyuma. Ukija Septemba nyumbani wametangulia kwa saa moja, baada ya hapo ni mbili. Mwambie mama, la sivyo atakupigia baada ya ibada ya kwanza ukiwa ndotoni.

Darasani nitegemee nini?

Kwenye ratiba utaona herufi c.t. baada ya saa. Maana yake kipindi kinaanza robo saa baadaye, 10:00 c.t. ni 10:15. Ukiona s.t., ni saa ile ile kamili. Ndiyo, taifa hili linalotunyanyasa kwa dakika tano limejipa kumi na tano kwa sheria ya chuo.

Mwalimu akimaliza, darasa zima litagonga meza kwa vifundo vya vidole. Siku ya kwanza nilidhani ni mgomo. Ndiyo makofi yao.

Alama zimepinduliwa: 1.0 ndiyo ya juu, 4.0 ndiyo ya mwisho kufaulu, 5.0 umeanguka. Mahudhurio mara nyingi hayaitwi, hakuna atakayekufuata bwenini kukuuliza uko wapi, na hilo huwameza wengi waliozoea kusukumwa. Mtihani nao una tarehe yake ya kujiandikisha, tofauti na kujiandikisha kwenye kozi. Iandike ukutani. Ikipita, hata ujue somo kama mwalimu, hufanyi. Na uulize mapema unaruhusiwa kurudia mara ngapi, kwani kwenye programu nyingi ukianguka mara ya tatu somo la lazima, kozi hiyo imekufunga mlango.

Naweza kuanza kazi lini? Nyumbani wanasubiri.

Sheria inakuruhusu siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, na wakati wa masomo wengi hubaki chini ya saa 20 kwa wiki ili wasipoteze hadhi ya mwanafunzi kwenye bima. Kima cha chini ni euro 13.90 kwa saa. Kibarua kidogo kisichozidi euro 603 kwa mwezi huitwa Minijob, na ndicho wengi tunachoanzia: maghala, jikoni, usafi wa hoteli. Utahitaji namba ya mlipakodi, ambayo huja yenyewe kwa posta wiki chache baada ya usajili.

Ila swali lenyewe liko kwenye ile sentensi ya pili. Shangazi ameona picha yako uwanja wa ndege, akazidisha 992 kwa shilingi, akakuta milioni mbili na ushee. Mpigie hesabu yangu ya mwezi wa kwanza: chumba bwenini 310, bima 150, chakula 200 kwa kubana, simu 10, usafiri, daftari, sufuria, blanketi, dhamana ya chumba. Na barua moja ya kukushtua, ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi kwa kila nyumba, hata kama huna redio. Si utapeli. Mkiishi wanne kwenye nyumba moja mnalipa mara moja na kugawana, kwa hiyo waulize wenzako namba ya malipo ya ada hiyo kabla ya kulipa peke yako.

Mimi nilituma nyumbani mwezi wa pili, nikala mkate na ndizi mwezi wa tatu. Sikushauri. Sema mapema, kwa heshima, tena kwa sauti, si kwa meseji: "Shikamoo shangazi, mpaka Pasaka sina kitu." Atanuna wiki moja.

Nitakula nini?

Utakula vizuri, ukijua pa kutafuta. Sembe nyeupe ipo kwenye maduka ya Waafrika, mara nyingi karibu na stesheni kuu, lakini bei yake ni ya dhahabu. Kwenye maduka ya kawaida tafuta Maisgrieß au polenta: ni ya njano na chenga, ugali wake unashikana ukiwa na subira. Maduka ya Wahindi na Wavietnamu yana mchele mzuri, tui la kopo na pilipili za kweli. Mchicha badili kwa spinachi ya barafu, ila soma paketi. Unataka Blattspinat. Ile yenye neno Rahm imetiwa krimu, na sikuamini nilichokuwa nimekikaanga na kitunguu mpaka nilipoonja. Sukuma wiki ipo, inaitwa Grünkohl, inafurika sokoni baridi ikianza. Mtindi wa kunywa ni Buttermilch.

Kwa anayekula halali, nyama iko kwa Waturuki, na neno la kuchunga kwenye pipi na keki ni Gelatine, mara nyingi ya nguruwe. Huyo pia ajue kwamba Desemba jua la Leipzig huzama karibu saa kumi jioni: adhuhuri, alasiri na magharibi zinabanana ndani ya mchana wa masomo. Vyuo vingi vina chumba cha utulivu, aulize.

Jumapili maduka yamefungwa. Sikukuu pia, na tarehe 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa, wakati wageni wengi ndiyo kwanza wanatua. Nilifika siku ya mkesha. Nilikuwa na pakiti moja ya karanga za ndegeni. Stesheni kubwa huwa na maduka yanayofunguliwa, hapo ndipo nilipookolewa.

Chupa usitupe. Nyingi za plastiki na makopo zina amana ya senti 25, unarudisha kwenye mashine ya duka na kupewa risiti ya kukatwa bei. Maji ya bomba yanakunywika, hayachemshwi.

Tiketi za treni na tramu zinanichanganya.

Uliza kwanza kama ada yako ya muhula ina tiketi ya wanafunzi. Kama haina, tiketi ya nchi nzima kwa usafiri wa kawaida, Deutschlandticket, ni euro 63 kwa mwezi, lakini ni usajili unaojirudia, na usipoifuta mapema inakukata tena. Treni za mwendo kasi hazimo. Na tiketi ya karatasi sehemu nyingine lazima uigonge kwenye kisanduku kidogo kabla ya safari. Mimi nilikuwa nayo, nimelipa, nimeishika mkononi, haikugongwa. Faini euro 60. Nilijaribu kulia, haikusaidia.

Mbona hawasalimii? Nimewakosea?

Hujawakosea. Kumpita mzee kwenye ngazi bila neno kuliniumiza kuliko baridi, maana mdomo unatafuta shikamoo na haipo. Lakini zipo sehemu zao za salamu nazo hutazijua mpaka uzizoee. Ukiingia chumba cha kusubiri cha daktari, unawasalimu wote kwa Guten Tag, hata usiowajua, na ukitoka unaaga. Ukikaa kimya pale wewe ndiye mshenzi. Barabarani hamna. Mtu mzima usiyemjua mwite Sie, yaani wewe ya heshima, siyo du, ile ya kuzoeana, mpaka yeye akuruhusu.

Kwa kiu ya Kiswahili, tafuta waliko wanaokisoma. Lugha yetu ina historia ndefu huku. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuja Berlin mwaka 1900 kuifundisha. Leipzig hufundishwa chuoni, na Bayreuth hufanyika kongamano la Kiswahili la kila mwaka. Bandika tangazo kwamba unabadilishana Kiswahili na Kijerumani; mwenzangu wa kubadilishana alinifundisha kusoma barua za bima, nami nikamfundisha kukuna nazi.

Na ubaguzi?

Upo. Macho kwenye tramu, chumba kilichokuwa wazi hadi waliposikia jina langu. Si kila siku wala si kila mtu. Jua mitaa ya kutopita usiku, waulize waliokutangulia mji huo huo, na chuo kina ofisi ya malalamiko. Itumie.

Nikiugua usiku?

Hatari ya uhai, 112. Polisi ni 110. Homa isiyongoja asubuhi lakini haiui, 116117 ni madaktari wa zamu.

Nikijifungia nje?

Hili hakuna aliyewahi kuniuliza, na ndilo ningependa niambiwe mimi. Milango ya huku ikijifunga nyuma yako, nje hakuna kitasa cha kuzungusha, kuna kirungu tu. Fundi wa funguo Jumapili usiku anaweza kukudai mamia ya euro. Mimi nilitoka na mfuko wa taka, nimevaa kanga na ndala, Novemba. Mlango ukasema *tk*. Ndani kulikuwa na maharage jikoni.

Nilikaa kwenye ngazi dakika kama ishirini kabla sijabisha kwa jirani, yule asiyesalimia. Akafungua, akanitazama ndala, akanusa. Hakusema kitu. Akarudi ndani, akatoka na chupa ya plastiki na mkasi, akakata kipande bapa, akakipitisha kati ya mlango na fremu, akatikisa mara mbili. Ukafunguka. Maharage yalikuwa yameshika sufuria, lakini ya juu yalifaa, na tuliyala wote wawili. Ufunguo wangu wa akiba unakaa kwake mpaka leo.